Viti Vyetu Viwili Visinunuliwe Tena

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Solange zima hiyo redio, maana nina maneno leo, na pumzi iliyobaki si ya kushindana na redio. Dawa ya maumivu nimeikataa mchana huu kwa makusudi. Nitainywa nikimaliza, asije mtu kesho akasema mama alikuwa anaweweseka. Naona mmesimama kama kawaida yenu, Normand dirishani, Gaétan mlangoni, na dada yenu katikati kama refa aliyechoka. Sawa. Simameni hivyo hivyo, lakini masikio nipeni.

Nyumba hii ni ya Solange, na neno hilo lisijadiliwe. Yeye ndiye aliyeniogesha, akaninywesha supu ya njegere kijiko kwa kijiko, akavumilia matusi yangu ya asubuhi, wakati ninyi wawili mlikuwa mkinipigia simu Jumapili kwa zamu, msije mkakutana hata hewani. Usikunje uso, Normand, wewe una nyumba yako Montreal na mke asiyeipenda baridi ya huku. Mashine ya kunolea viatu vya kutelezea barafuni aliyoiacha baba yenu ni ya Gaétan, ambaye amekuwa akiitumia miaka yote bila kumwomba mtu ruhusa. Na kile kipande cha msitu tunachogemea utomvu wa miti wa kuchemshia sukari kila theluji inapoanza kuyeyuka, hicho ni chenu ninyi wanaume wawili kwa pamoja, wala msikigawanye, kwa sababu kazi ile mtu mmoja haiwezi: mmoja abebe ndoo, mwingine achochee moto. Mkipitisha uzio katikati yake, basi jueni mmeupitisha juu ya kaburi langu.

Hayo yalikuwa mepesi. Sasa nataka kusema habari za viti.

Enhe, naona hata Gaétan ameinua kichwa. Vile viti viwili tunavyovilipia msimu mzima pale kwenye uwanja wa hoki, safu ya nne kutoka kwenye barafu, nyuma ya kibanda wanakofungiwa wachezaji wenye adhabu, ambako baba yenu Adélard alikaa akiwatukana wageni kwa moyo mkunjufu mpaka baadhi yao wakawa wanamsalimia kwa jina. Mnakumbuka vijana wetu walivyochukua kombe. Kuanzia majira yale ya baridi tiketi za kila mechi ya nyumbani ziliisha, mechi baada ya mechi, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyepanga, ilitokea tu, halafu ikawa yetu. Saint-Aurèle yetu hii, ambayo kwenye ramani huioni bila miwani, ikawa inatajwa kwenye televisheni. Tukaanza kusema Mfululizo, kama tunamtaja mtu tunayemfahamu. Na kila mechi, katikati ya kipindi cha tatu, mtangazaji alikata muziki akasema, "Mabibi na mabwana, kwa mara nyingine tena, uwanja wetu umejaa!" nasi tukasimama tukajipigia makofi wenyewe.

Msidhani naidharau ile furaha. Siku kiwanda cha karatasi kilipofungwa, wanaume walitoka getini na vyombo vyao vya chakula mkononi, wengine wakilia waziwazi barabarani, na jioni ile ile walikuwa kwenye viti vyao, na tangazo lilipotolewa walipiga makofi mpaka nikaliogopea paa. Nilikuwepo, nililia nao. Kilikuwa kitu pekee mjini ambacho mabosi hawakuweza kukifunga.

Halafu kikaanza kututawala. Solange, harusi yako tuliisogeza mbele kwa sababu tarehe uliyoitaka ilikuwa ya mechi, na mpaka leo sijui kama ulinisamehe. Mji mzima ulizika wafu wake siku ambazo timu imesafiri. Padri alibandika ratiba ya mechi pale anapovalia kanzu zake, na marehemu alingoja kwenye baridi mpaka vijana waende kucheza ugenini. Na ole wake mtu ainuke kitini kabla ya tangazo! Mkosi huo. Watu wazima, wenye wajukuu, walibana mkojo, wakimlaani mtangazaji kwa kuchelewa.

Baba yenu naye alingoja. Jambo hili kila mmoja wenu analijua, lakini hamjawahi kulisema mkiwa chumba kimoja, kwa hiyo nitalisema mimi. Kifua kilianza kumbana wakati wa mapumziko ya pili. Normand alikuwa kando yake, amekuja likizo. Akamwambia, "Baba, huna rangi usoni, twende zetu." Adélard akamjibu, "Bado hawajatangaza." Akamwambia tena, na baba yenu akamshika mkono akamkalisha kwa nguvu, mzee wa umri ule. Wakangoja. Na wewe Gaétan, siku ya mazishi, mbele ya watu wote walioshika sahani za chakula, ukamwambia kaka yako, "Umemuua baba kwa ajili ya makofi." Tangu siku hiyo hamjasalimiana.

Nyamaza, Gaétan, utasema nikishafumba macho. Sasa nakuuliza tu, na jibu lako libaki nalo moyoni. Mwanaume gani wa mji huu angemtoa Adélard Pelchat kwenye kiti kile kabla ya tangazo? Wewe? Wewe uliyepigwa na kile kisahani cheusi cha mchezo kilichoruka kutoka barafuni, ukakaa na mdomo uliopasuka na skafu imelowa damu, unasema, "Dakika chache tu, mama"? Ungefanya alivyofanya Normand, na hilo ndilo linalokuuma.

Mara nyingi mmeniuliza baba yenu alisema nini mwisho, nami nilikuwa nanyamaza, kwa sababu liliniumiza mno. Leo nawaambia. Nilimkuta hospitalini, amelazwa, mipira ya kupumulia imejaa usoni. Akanipapasa mkono, nikainama, nikijua sasa ataniaga. Miaka yote ile ya kumkaushia soksi kwenye jiko la kuni, ya kumngoja zamu za kiwandani. Akaniuliza, "Walishatangaza?" Nikamwambia, "Walitangaza, Adélard. Uwanja ulijaa." Akatabasamu, akaenda zake. Hakulitaja jina langu. Niliumia, wanangu, na naumia hivi ninavyowaambia.

Unalia, Normand? Lia tu. Solange, mpe kaka yako kitambaa.

Nilivilipia viti vyote viwili mwaka uliofuata, na miaka iliyofuata, maana mjane wa Adélard angesemwa vipi? Nikawa nakaa kwenye changu, na kwenye chake naweka koti langu. Sikuwa natazama mchezo. Ikatokea siku moja, nimechoka kuitazama barafu, nikageuka nikaangalia watu, na hapo ndipo nilipoona. Bibi Turcotte, safu ya juu yangu, na mkoba wake kwenye kiti cha mumewe. Wale ndugu wa Lachance, walikuwa wanne, sasa amebaki mmoja katikati ya viti vitatu vyenye kofia. Viti vya daktari wa meno, amevilipia ili asisemwe, hajavikalia. Viti vya vijana waliohamia mji mkubwa kutafuta kazi, wazazi wao bado wanavilipia kama vile watarudi wiki ijayo. Na mtangazaji akakata muziki, akasema uwanja umejaa. Kwa hesabu yao ni kweli, maana wanahesabu kilichouzwa, hawahesabu makalio. Tukasimama wachache tuliokuwepo, tukapiga makofi kwa glavu, na sauti ikapotea kwenye paa. Nilitazama nyuso zile na nikaona kila mmoja anajua, na kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza.

Ninyi ndio mmenifanya niseme leo. Juzi mlidhani nimelala. Nilimsikia Normand akimwambia Solange hapo koridoni kwamba viti atavilipia yeye, vibaki na jina letu, hata kama hatakuja. Na Gaétan, ambaye hawezi hata kukaa meza moja na kaka yake, nikamsikia akiitikia kutoka jikoni, "Hapo yuko sahihi. Mfululizo usifie mikononi mwetu." Miaka yote hii hamjakubaliana hata juu ya jiwe la kaburi la baba yenu, ila mlikubaliana juu ya hilo! Nilitaka kucheka, kifua kikakataa.

Basi sikilizeni amri yangu. Nikiwaachia viti viwili vilivyoshikana, hamtavikalia, kwa sababu hamwezi kukaa bega kwa bega. Vitakaa vitupu kwa jina la baba yenu, ninyi mtaendelea kuchukiana kutoka mbali, na kila mechi mtu atatangaza kwamba tumejaa. Sitaki. Viti visinunuliwe tena. Mfululizo ukifa, ufie mikononi mwetu, na watakaotusema watuseme.

"Mama, tafadhali," nini, Normand? Tafadhali ya nini? Joannie wa ofisi ya klabu ameshanipigia mara mbili kuuliza kama tunaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. Chukua simu. Sasa hivi, mimi nikisikia. Huwezi? Basi piga namba, halafu umpe mdogo wako aongee. Ndiyo, Gaétan, wewe. Toka hapo mlangoni. Njoo uishike. Hiyo ni simu tu, haiumi, na mkono wa kaka yako hauumi.

Mwambie ni familia ya Pelchat. Anakujua, mwambie tu... Mwambie safu ya nne hatuendelei.

Amesema nini?

"Anauliza kama tuna hakika."

Mwambie mama ana hakika.

Amesema nini tena? Hakuna wa kuvichukua... Niliwaambia. Waliokuwa wakingoja nafasi walikwisha zamani. Analia? Msichana maskini. Mwambie asilie, mwambie mama Pelchat anasema si kosa lake, na akalale mapema leo. Ehe. Kata simu, mwanangu. Asante. Asanteni wote wawili.

Nisogezeeni mto... hapo. Solange, dawa ngoja kwanza, bado kidogo.

Sasa neno la mazishi. Msiningojeshe timu isafiri. Nizikeni siku ya mechi ya nyumbani, saa ya mechi yenyewe, na padri akigoma mwambieni ni maneno ya marehemu. Watakaokuja watakuja. Kanisa likiwa tupu, liwe tupu, watu waone, asitokee wa kusema limejaa. Jeneza mlibebe ninyi, Normand na Gaétan, mbele, mmoja kila upande, na mwende hatua sawa, maana mkienda kila mtu kivyake... mtaniangusha kwenye theluji, na hiyo nitawadai.

Sina chuki na baba yenu. Andikeni jina langu chini ya lake. Kubwa kama lake.

Pumzi... inakatika. Inamisheni vichwa. Solange, Mungu akupe usingizi, ulioupoteza kwa ajili yangu, na akupe mtu wa kukuhudumia ulivyonihudumia. Normand, Mungu akutue huo mzigo, hukumuua mtu. Gaétan... kitinda mimba wangu... Mungu akulainishe. Watoto wenu wajuane. Hilo tu, wajuane.

Nipe dawa sasa. Taratibu.

Nikilala msinisimamie. Msikae hapa kungoja mwisho, mmesikia? Kuna pai ya nyama kwenye oveni, Solange aliioka asubuhi. Nendeni jikoni mkale... wote watatu... meza moja. Mlango uacheni wazi.

Nataka kusikia sahani.