Kahawa Waliyoiweka Chini

RUDAINA: Haloo? Ni nani? Kama umepiga kunitukana, shika foleni. Wenzako wameanza tangu asubuhi.

ABU MISHAL: Haloo! Mbunge ndivyo anavyopokea simu hivyo? Ni baba yako.

RUDAINA: Baba! Asalaam aleikum. Nisamehe, namba siijui.

ABU MISHAL: Waaleikum salaam, mwanangu. Simu ya Freih, jirani. Nimemwambia nampigia mtu wa mbolea.

RUDAINA: Mbolea? Na kwa nini umfiche Freih kwamba—

ABU MISHAL: Umekula?

RUDAINA: Nimekula. Hapana, sijala. Nimepika dengu, nikakaa kuzitazama.

ABU MISHAL: Uko na nani hapo?

RUDAINA: Peke yangu, baba. Huku Amman ukitaka kujua nani ni rafiki yako, tangaza tu kwamba unamhoji waziri wa ujenzi.

ABU MISHAL: Si mlikuwa wengi? Wale wenzako mliotia saini lile swali pamoja?

RUDAINA: Mmoja amekumbuka umra leo leo. Mmoja anasema mkewe yuko leba. Mkewe nimemwona jana dukani, baba, lile tumbo lilikuwa la shibe tu, tena ya mchana. Waliobaki simu hazipatikani. Kesho asubuhi nasimama mwenyewe. Kanuni inaruhusu hata mtu mmoja.

ABU MISHAL: (sauti inakwaruza) —sikusikii, subiri. Nipande juu ya tangi la maji.

RUDAINA: Usipande kwenye tangi na magoti hayo!

ABU MISHAL: Nimeshapanda. Sasa unanisikia?

RUDAINA: Nakusikia. Kwa nini uko nje? Wageni wameondoka? Mdogo wangu Rahaf kaniandikia asubuhi, anasema magari yamejaa mpaka barabarani, mmechinja. Hakusema mengine ila anacheka-cheka tu. Wamekuja kumposa, eti? Ni yule mhandisi?

ABU MISHAL: Na mimi nilidhani hivyo.

RUDAINA: Ulidhani—

ABU MISHAL: Niache niseme, usinikate. Nikikatizwa hapa sitaanza tena. Sheikh Dughaim ndiye aliyewaongoza. Joho, fimbo, na wazee wa koo zote za bonde nyuma yake. Huyo mhandisi ni mpwa wake, wewe ungefikiri nini? Wakaingia barazani, wakakaa. Nikammiminia kahawa kwa mkono wangu. Akaipokea, akaiweka chini mbele yake. Hakunywa. Wote wakaweka chini.

RUDAINA: Ndivyo wanavyofanya waposaji. Hawanywi mpaka wapewe haja yao.

ABU MISHAL: Basi. Nikaona ndevu zote zile zimekuja kwa ajili ya binti yangu, kifua kikanijaa. Tangu ndugu yako Mishal afe, nyumba hii haijapata neno la furaha. Nikasema: kunyweni kahawa yenu, mlichokijia mmekipata.

RUDAINA: Kabla hawajasema wanataka nini?

ABU MISHAL: Ndiyo heshima yenyewe, Rudaina! Mgeni mkubwa humwachi aombe. Babu yako hakuwahi kumwuliza mgeni haja yake kabla hajampa. Wewe mwenyewe ulikuwa unajisifu shuleni kwa ajili hiyo.

RUDAINA: Wakanywa?

ABU MISHAL: Mpaka machicha.

RUDAINA: Halafu?

ABU MISHAL: Halafu Sheikh Dughaim akajifuta sharubu, akasema: Mungu akuzidishie, Abu Mishal, sisi tumekuja kwa ajili ya Rudaina.

RUDAINA: (anacheka) Mimi? Nani kaniona na uzee huu? Mwambie nina mvi na mdomo mch—

ABU MISHAL: Kesho usisimame bungeni. Ndiyo haja yao.

RUDAINA: Nini?

ABU MISHAL: Uondoe lile swali lako. Waziri asiguswe. Nyumba yake na ya Sheikh Dughaim zimeoleana, sikulijua hilo mpaka leo. Haloo? Upo?

RUDAINA: Nipo.

ABU MISHAL: Mtandao nilidhani—

RUDAINA: Si mtandao. Baba, ile barabara ya bonde letu waliizindua kwa ngoma. Wakakata utepe, wakala mansaf, wali kwa nyama ya kondoo wetu. Mvua ya kwanza ikaibeba lami kama ganda la kitunguu. Hakuna kingo, hakuna taa, na waziri anaapa mbele ya watu kwamba imejengwa sawasawa. Wamekufa pale walimu, amekufa yule bibi harusi na mama yake. Mishal—

ABU MISHAL: Mishal usinitajie kwenye simu ya watu.

RUDAINA: Nitamtaja wapi basi? Kesho ndipo nilipotaka kumtaja!

ABU MISHAL: Mimi ndiye niliyemtoa kwenye ile gari! Unanisomea mimi habari za barabara ile?

RUDAINA: Nisamehe.

ABU MISHAL: Na mimi huyo huyo nimekufunga miguu kwa kahawa. Mzee mzima, furaha kidogo tu, mdomo ukanitangulia.

RUDAINA: Walikujua, baba. Walijua utasema vile. Wangekwenda kwa mtu mwingine angewauliza kwanza.

ABU MISHAL: Ndiyo inayoniuma hiyo. Wamenivua kama samaki kwa wema wangu.

RUDAINA: Ulimjibuje?

ABU MISHAL: Ningemjibu nini? Kikombe kilikuwa kitupu.

RUDAINA: (anavuta pumzi) Sawa. Kwa hiyo unataka nikae. Sema, baba. Ukiniamrisha nakaa, na sitakulaumu.

ABU MISHAL: Ningetaka kukuamrisha ningepiga kwa simu yangu, mbele yao. Simu yangu iko kwenye zulia, wanaitazama. Wamesema piga, nimesema ngojeni nikajisaidie kwanza.

RUDAINA: Na uko juu ya tangi.

ABU MISHAL: Niko juu ya tangi, mwenye heshima zangu, na kanzu yangu mpya.

RUDAINA: (anacheka, kisha analia) Baba, mbona unanichekesha wakati huu?

ABU MISHAL: Sikiliza. Nikirudi ndani nitasimama. Nitawaambia: Rudaina amekataa, amenivunjia neno, kuanzia leo si wa nyumba hii, damu yake na jina lake havinihusu. Ahadi yangu inaifunga nyumba yangu. Asiye wa nyumba yangu haimfungi.

RUDAINA: Unanikana.

ABU MISHAL: Nakukana. Nimezunguka zizi la kondoo mara tatu natafuta mlango mwingine. Hakuna.

RUDAINA: Mama anajua?

ABU MISHAL: Ndiye aliyenionyesha. Aliniambia, ulichofunga kwa mdomo kafungue kwa mdomo. Halafu akaenda kusugua masufuria ambayo ni masafi. Usimpigie leo, hawezi.

RUDAINA: Na mimi nitarudi lini?

ABU MISHAL: Nikikupokea hata mara moja, watasema Abu Mishal alicheza na wageni wake. Hakuna atakayeingia kwangu tena. Rahaf hataolewa.

RUDAINA: Idi je?

ABU MISHAL: Hata Idi.

RUDAINA: Na akiolewa Rahaf?

ABU MISHAL: Hakuna aliyemposa, mama. Amevaa lile gauni la kijani tangu asubuhi, hajalivua. Sijapata la kumwambia.

RUDAINA: Basi nisisimame! Nitasema naumwa. Swali litakuwepo hata mwezi ujao—

ABU MISHAL: Mwezi ujao bunge limefungwa, waziri kapewa ubalozi, na sisi tunazika mwingine. Ulinifundisha mwenyewe mambo yao hayo.

RUDAINA: Nimechoka, baba. Hujui. Nikisimama kusema mle ndani, wanaume wazima wanafungua simu zao wanatazama mbio za farasi. Naibu Spika ananizimia maikrofoni huku anatabasamu. Nikirudi hapa nasikia friji tu. Alhamisi, juma likiisha, nikishika njia ya kwenu ndipo napata pumzi. Mama ananipaka mafuta kichwani, wewe unanitukania serikali, mimi nalala. Hicho ndicho kinachonisimamisha. Ukiniondolea hicho, nabaki na nani?

ABU MISHAL: Sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia.

RUDAINA: Hata uongo hunidanganyi?

ABU MISHAL: Sina. Na mimi Alhamisi sijui nitamtukania nani serikali. Nakupenda kuliko macho yangu, Rudaina, na sijui. Lakini usiku ule bondeni, niliposhika mkono wa ndugu yako ukiwa baridi, nilitaka mtu mmoja tu katika nchi hii aulize kwa sauti nani kaijenga barabara. Mmoja tu. Nikawa nawatukana wote mpaka ukaja wewe. Sasa niende nikuzibe mdomo kwa sababu ya kikombe?

RUDAINA: (anapenga kamasi) Hapana.

ABU MISHAL: Utasimama?

RUDAINA: Nitasimama.

ABU MISHAL: Kwa mdomo wako, si kwa ajili yangu.

RUDAINA: Nitasimama, baba. Kwa ajili ya wale watu na kwa ajili ya Mishal. Na wewe nenda kanikane vizuri. Usitetemeke, Sheikh Dughaim ni mjanja.

ABU MISHAL: Sitatetemeka. Hasira ninayo ya kweli, nitaiazima ile ya waziri.

RUDAINA: Na ukishuka hapo, shika ngazi—

ABU MISHAL: Kuna mlio humu, tii, tii. Vocha ya Freih inaisha.

RUDAINA: Nikupigie mimi namba hiyo hiyo—

ABU MISHAL: Usipige. Hii wala yangu. Tangu sasa usipige. Wananiita huko. (kwa sauti kubwa) Nakuja! (kwa sauti ndogo) Kesho wataonyesha kwenye televisheni?

RUDAINA: Wataonyesha.

ABU MISHAL: Wote watakuwa barazani kwangu wanatazama. Nitakaa nao, nikunje uso kama inavyotakiwa. Spika anapokupa nafasi anakuitaje?

RUDAINA: Jina langu. Halafu lako, halafu la babu na la ukoo. Ndivyo lilivyoandikwa.

ABU MISHAL: Langu linafuata lako?

RUDAINA: Linafuata, baba.

ABU MISHAL: Hilo hawakuomba lifutwe. Basi kesho akikuita, usiinuke haraka. Mwache alimalize jina lo—