Fundi na Umbea wa Damu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupasua, kushona na kulalamikia ubora wa nyuzi, daktari wetu bingwa wa upasuaji anavua glavu kwa mara ya mwisho tarehe thelathini Juni. Hospitali nzima humwita Fundi, jina alilopewa na wauguzi kwa utani naye akalipokea kama nishani. Utawala uliomba wasifu mfupi na wenye heshima. Ufupi tumejitahidi.

Alikuja hapa akiwa kijana mwembamba, mwenye viatu vilivyolia kila alipokanyaga sakafu. Wembamba umeondoka, viatu vimebaki. Wagonjwa humjua tangu akiwa kwenye ngazi, na wodi hujiweka sawa: huyu anavuta shuka, yule anafuta uso, mwingine anaficha alichokatazwa kula. Fundi husimama katikati ya vitanda, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, na kuuliza, "Hatujambo?" Wodi huitikia kwa pamoja, "Hatujambo!" Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa uchunguzi wenyewe. Kwenye faili iliandikwa: anaendelea vizuri.

Mikono yake, tuseme haki, haina mpinzani. Aliondoa mifuko ya chakula iliyoliwa na saratani, akaunganisha umio na utumbo kwa mshono ambao fundi wa suti angeuonea wivu. Shida ya mshono wa ndani ni kwamba hakuna wa kuukagua. Ukivuja, huvuja kimyakimya. Homa na maumivu huja baadaye, wakati usaha umeshahamia na mizigo yake yote. Wapo walioitikia "hatujambo" asubuhi, jioni wakarudishwa chumba cha upasuaji wakitetemeka. Si wote waliotoka.

Hapo ndipo mkuu wa maabara, dada asiyeshindwa neno, alipoleta pendekezo kikaoni. Mwili ukishambuliwa, alieleza, ini humwaga protini fulani kwenye damu, na protini hiyo hupanda kabla homa haijabisha hodi. Kwa kila aliyepasuliwa itapanda siku za mwanzo, hilo si neno. Lakini ikifika siku ya tatu au ya nne nayo haitaki kushuka, pana jambo. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hospitali sasa imeanza kufuata umbea. Mgonjwa yupo, ana mdomo wake, anasema hajambo. Kwa nini tumzunguke nyuma tukaihoji damu yake? Watu wakacheka, kikao kikaruhusu kipimo kijaribiwe, na jina likaganda. Hadi leo ukipita maabara utasikia mtu akiuliza kama umbea wa kitanda cha dirishani umetoka.

Kisha akaugua shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea, akamfundisha kushika sindano kwa kumshonesha vifungo, na ndiye mtu pekee tuliyewahi kumwona Fundi akimwamkia huku ameinama. Mpasuaji mwingine wa saratani ya tumbo hatukuwa naye, na shangazi mwenyewe alishatangaza kwamba kama ni kisu, basi kiwe cha mwanawe. Kikawa.

Siku ya nne alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesukwa upya, akiwagombeza wauguzi kwa jinsi wanavyotandika. Homa hana. "Shikamoo shangazi, hujambo?" "Marahaba mwanangu, sijambo." Fundi akaandika yale yale ya siku zote, akaagiza aanze kunywa maji na supu.

Umbea ukatoka. Badala ya kushuka, ulikuwa umepanda kuliko jana. Fundi akasema mashine imechoka. Wakarudia, jibu likawa lile lile. Akasema mashine ina chuki naye. Mkuu wa maabara akapanda ngazi mwenyewe, akamkabili mbele yetu sote. "Kaka," alisema, "shangazi yako ana adabu. Damu yake haina. Tumwamini nani?"

Hakuna aliyecheka. Ni kweli, sote tumelelewa hivyo: ukiulizwa hujambo unajibu sijambo, hata kama nyumba inaungua. Mengine huja baada ya salamu, na kwa wagonjwa wetu kadhaa hayo mengine hayakuwahi kuja. Fundi akarudi wodini, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakusalimia. "Shangazi, panauma wapi?" Shangazi akamkata jicho kwa kukosewa heshima. Kisha akashusha sauti: bega la kushoto, tangu alfajiri. Hakutaka kusema. Mshono ni wa mwanawe na wauguzi walikuwa pale pale wanasikia. Amwaibishe mbele za watu?

Bega si tumbo, lakini uchafu ukijikusanya chini ya mbavu, bega ndilo hulia kwa niaba. Supu ikasimamishwa. Picha ikaonyesha mshono unavuja pembeni. Mrija ukaingizwa, dawa zikaanza. Homa ilipowasili kesho yake, ilikuta tumeshaitangulia. Shangazi alikaa kwetu wiki nyingi, akaondoka kwa miguu yake, na wauguzi wa wodi ile hadi leo hutandika kwa woga.

Tangu hapo hakuna aliyepasuliwa saratani ya tumbo anayeanza kula, wala kwenda nyumbani, kabla umbea haujasomwa. Una kasoro zake, kama umbea wote: hutangaza moto bila kutaja nyumba, na pengine moto wenyewe ni kifua tu. Lakini ukinyamaza, nasi hulala usingizi. Wageni wanaokuja kujifunza huelezwa na Fundi mwenyewe jinsi alivyokipigania kipimo hiki. Hilo ni kosa dogo la sarufi. Miaka ya mwanzo hakukipigania, alipigana nacho. Mkuu wa maabara aliomba lisahihishwe, na sasa limesahihishwa.

Salamu hajaiacha, adabu ni adabu. Ila siku hizi husoma damu kwanza, ndipo anauliza hatujambo.

Asante, Fundi, kwa mikono, kwa viatu, na kwa kukubali kubishiwa, ingawa ulichelewa kidogo. Kwenye hafla ya kuagana shangazi atakaa mstari wa mbele, na wasemaji wanaombwa wasimame wima. Tulimuuliza Fundi kama kuondoka hakumuumi. Alijibu, kwa sauti ya kutosha wodi nzima, kwamba hajambo kabisa. Hatujamwamini. Mkuu wa maabara atakuwa mlangoni na sindano.

Maisha mema tunakutakia, kaka. Na siku bega likiuma, usianze na salamu.