Mama Agripina Semboja na Treni Zisizo na Vipuri

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Agripina Semboja anastaafu kazi ya ukerezaji chuma katika Chuo cha Ufundi Mtonga Bondeni, hapa Korogwe. Mjini wanamwita Mama Treni. Jina hilo amelitolea jasho.

Alizaliwa Mashewa, akajifunza kazi Tanga, na siku alipoajiriwa alikabidhiwa mashine ya kukereza pamoja na vichwa vitatu vidogo vya treni ya mvuke. Ni vya mfano, kila kimoja kinaenea juu ya meza, lakini vinafanya kazi kama vile vikubwa: vinakula makaa, vinachemsha maji kwenye bwela, vinapiga honi na kuvuta watu wazima waliokaa kwenye vibehewa. Ndivyo tunavyofundishia nguvu ya mvuke. Kiwanda kilichovitengeneza huko ng'ambo kilishafungwa, na kipuri cha mwisho stoo kilikwisha kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha.

Wengine tungevifunika turubai. Yeye alianza kuzunguka mji. Alinunua koki mbovu za shaba kwa Mzee Gulamabbas, mwenye duka la vifaa pale Manundu, akazikereza zikawa vali. Kuziba mvuke usivuje kwenye fimbo ya pistoni alijaribu kamba ya katani, ikaikwaruza fimbo vibaya. Akajaribu utambi wa taa ya chemli uliolowekwa mafuta ya ng'ombe, ukashika. Aliporudi dukani kununua utambi kwa mara nyingine, Mzee Gulamabbas alishindwa kuvumilia.

"Mama, nyumbani una taa ngapi?"

"Nyumbani nina umeme, mzee. Hizi tambi ni za treni."

Ringi za pistoni zilimsumbua zaidi, kwa sababu zinataka chuma cha kalibu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa, tena kizuri. Akasikia kwamba kule kwao Mashewa kuna silinda kuukuu ya injini ya mashine ya kusaga. Alikwenda, akamkuta mwenye nayo, Bwana Stefano, ameikalia barazani. Bwana Stefano alikataa kabisa kuitoa: hicho ndicho kiti chake. Wiki iliyofuata Mama Agripina alirudi na kigoda kilichotengenezwa na wenzetu wa useremala, akakiweka mbele yake. Bwana Stefano alisimama mwenyewe. Silinda ile ilizaa ringi za vichwa vyote vitatu.

Lakini siku tunayoisimulia zaidi ni ya Handeni, mwaka 2016. Wakati huo chuo kilikuwa kinafikiria kulifuta somo la mvuke na kuuza vichwa vyetu kama chuma chakavu. Mkuu wa chuo, Mwalimu Peter, aliomba kwanza vionekane kwenye maonyesho ya mafundi. Tukatandika reli uwanjani, Mama akawasha Mwendapole, kichwa anachokipenda kuliko vyote. Kiliondoka vizuri, kikamaliza raundi ya kwanza. Watu wakashangilia. Mgeni rasmi naye akakaa kwenye kibehewa kungoja zamu yake.

Hapo Mama akaona maji yanashuka kwenye kioo cha bwela. Pampu ya kujazia bwela maji ilikuwa haisukumi.

"Mama, raundi moja tu," Mwalimu Peter alimnong'oneza. "Mgeni ameshakaa."

"Mkuu, bwela likikauka litalipuka, na hapa hatutakuwa na mgeni wala mwenyeji."

Mwalimu Peter alimtazama usoni, kisha akachukua kipaza sauti na kumwomba mgeni radhi mwenyewe. Mama akaondoa moto mbele ya umati. Watu walicheka. Kuna aliyesema kwa sauti kwamba kidude kimeshakufa. Mimi nilitamani ardhi inimeze; yeye alikuwa ameshashika spana.

Gololi ndogo inayofungua na kufunga maji ndani ya pampu ilikuwa imelika upande. Kipuri kama hicho Handeni kisingepatikana. Mama akavuka barabara hadi kwa Ramadhan, fundi baiskeli, akachagua gololi mpya ya gurudumu la mbele. Aliiketisha mahali pake, akaigonga mara moja kwa nyundo ili ijichongee kikalio, akafunga pampu. Moto ukawashwa upya. Tulikodolea macho kile kioo mpaka maji yakaanza kupanda.

Mama alipiga honi, uwanja mzima ukageuka. Mwendapole kikamvuta mgeni rasmi, Mwalimu Peter na Ramadhan mwenyewe, ambaye hakuulizwa kama anataka. Waliocheka wakapanga foleni. Somo la mvuke halikufutwa, na leo vichwa vyote vitatu vinatembea.

Mama anahamia shambani Makuyuni, kwa mumewe Mzee Erasto. Huyu bwana hajawahi kupanda treni ya mkewe, kwa kuwa kila alipotutembelea aliikuta imefunguliwa kwa matengenezo. Siku ya kuaga itakuwa imefungwa, ina moto, na kibehewa cha mbele ni chake.

Mama Agripina, ahsante kwa mikono yako, ukali wako na vicheko vyako. Nenda ukapumzike kwa heshima uliyoichuma. Mvua ikunyeshee kwa wakati, na afya isikupungukie.