Mabuti ya Mke wa Kinyozi

Mimi nauza kahawa kando ya benchi moja, pale njia mbili zinapokutana, kwa hiyo msije kunifundisha jinsi wanaume wanavyochelewa nyumbani. Juzi jioni Kinyozi alifika na jozi mbili za mabuti ya mpira, moja nyeusi, nyingine ya kijani. Mkewe alikuwa amepata kazi ya kuosha sakafu kwenye kiwanda cha maziwa, aanze kesho yake alfajiri, na mlinzi wa getini alishasema: asiye na mabuti haingii. Mwenye duka la jirani alimwachia jozi zote mbili akamwonyeshe mkewe, moja airudishe kabla duka halijafungwa saa kumi na mbili. Nyumbani kwake ni kona ya pili tu. Yeye akaona aketi kwanza benchini.

Injinia, fundi redio, akalichukua buti jeusi, akazamisha pua ndani.

— Hili linanuka.

— Linanuka nini? Kinyozi akashtuka.

— Mpira.

— Sasa ulitaka linuke sabuni? akadakia Daktari, ambaye alilinda lango la hospitali miaka sita na tangu hapo anatibu kila kitu. Buti ni kisigino, ndugu yangu. Damu inaanzia kisiginoni.

— Inaanzia moyoni, nikasema.

— Wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Injinia akalikunja la kijani, akaliachia.

— Umeona? Limerudi lenyewe. Mpira una kumbukumbu. Mkeo akilivaa mwaka mzima, hata akisinzia njiani litamfikisha kazini.

— Acha uongo!

— Haki ya Mungu.

— Jamani, nichukue lipi? Kinyozi akalalamika. Mama watoto ananisubiri.

— La kijani, akasema Daktari. Rangi nyeusi inavuta radi. Umeshawahi kuona chura aliyepigwa na radi?

— Chura havai buti! nikasema.

— Nimekuuliza umeshawahi kumwona?

Swali hilo linanikera mpaka leo.

Injinia akanyanyua ndoo yangu ya kuoshea vikombe, bila hata kuniomba, akalijaza buti la kijani maji hadi juu.

— Lisilotoa maji haliingizi maji.

Wanaume watatu wazima wakachuchumaa kulikodolea macho robo saa nzima. Halikudondosha hata tone. Wakapeana mikono utadhani wamelitengeneza wao. Kinyozi akavaa la pili, akatembea huku na huku kifua mbele.

— Limenikaa barabara!

— Basi kazi imekwisha, akasema Injinia.

Kinyozi akalivua, akakimbia kurudisha jozi nyeusi, akarudi anahema, anacheka. Hajakaa vizuri, mkewe huyo, amekuja kumfuata.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji! Njoo uone, tumekuchagulia buti, we acha tu!

Mke akaliinua lile lililojaa. Maji yote yakammwagikia miguuni. Akaketi pembeni ya benchi, akayavaa yote mawili, akasimama, akapiga hatua. Mguu ukaja, buti likabaki.

Akageuka.

— Baba watoto, mimi navaa namba ngapi?

Kinyozi akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Daktari. Daktari akainama kukagua kisigino.

— Miaka kumi na minne, mama akasema, sauti yake ya kawaida kabisa. Viatu vyangu viko mlangoni. Kila siku unaviruka ukiingia.

Akayakusanya mabuti kwapani, akakimbilia dukani peku, maana mwenye duka alishaanza kuingiza vitu ndani. Mumewe akabaki ameketi. Baadaye akaninyooshea kikombe, bila kuniangalia.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa nusu.