Daftari la 41 Halijasomwa: Maisha ya Papa Honoré Mulumeoderhwa (1961–2025)

Papa Honoré Mulumeoderhwa alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Walungu, upande wa Bukavu, mtoto wa tatu wa katekista. Mimi ninayesoma wasifu huu ni Christa, binti yake mkubwa. Mtanivumilia nikiharakisha, maana kuna jambo ambalo sitapata nafasi nyingine ya kulisema.

Alisoma kwao, akapata diploma ya uuguzi Bukavu mwaka 1984. Kazi ilimleta Goma, na tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Mama Léonie, mvumilivu kuliko sisi wote.

Julai 1994, wakimbizi walipofurika na kipindupindu kikaingia nao, alipangiwa hema la wagonjwa karibu na Kibati. Alitundika serumu, yaani maji ya mishipani, na akipata nafasi aliwaandikia watafiti waliokuja kuwahoji wakimbizi majibu ya watu. Hapo alikosea, wala hakutuficha. Aliandika kwamba muzee mmoja "aliacha watoto wawili barabarani", na ripoti ikatoka hivyo. Yule muzee alipata habari, akamfuata hemani: "Docta, miye sikuacha batoto. Balikuwa bamekufa. Udongo ya kubazika haikukuwa, ni majiwe tupu. Nilibafunika na majiwe, nikaomba." Aibu ile haikumtoka Papa hata siku moja.

Tangu hapo akajiwekea sharti. Alipogeuka mtafiti mwenyewe, alichunguza maji na kipindupindu, maisha ya kambini, historia ya wazee waliohama vita baada ya vita. Akarudi hata shuleni na kumaliza licence, yaani shahada, ya afya ya jamii mwaka 2006. Lakini hakuna neno lililochapwa kabla hajarudi kwa mwenyewe kumsomea daftari lake ili amsahihishe. Wenzake walimcheka kwamba utafiti wake unatembea kwa miguu. Kila aliyehojiwa alipewa kikaratasi chenye namba ya daftari lake. Majina aliyatenga kwenye ukurasa mmoja. Lava ya volkano ilipofika mtaani kwetu Januari 2002, alitoka na sanduku la madaftari kichwani. Mama akamuuliza, "Papa Christa, na masufuria?" Akajibu, "Masufuria inauzwaka ku soko. Hizi haziuzwake." Mama bado hajamsamehe kabisa.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa kitabu cha watu arobaini na mmoja waliokimbilia kambi ya Kanyaruchinya. Arobaini aliwasomea. Januari 2025 vita viliingia mjini. Tuliposikia nyumba zinapekuliwa, aliuchoma ukurasa wa majina kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mbele yetu. Mwezi wa pili kambi ikaondolewa, na namba 41, mama mmoja, alikuwa hajasomewa.

Papa alikuwa tayari anaumwa sukari na figo. Hata hivyo alipanda Kanyaruchinya mara tatu, akakuta tu mawe yaliyokuwa yameshikilia maturubai. Dawa nazo zikakosekana. Siku za mwisho aliuliza jambo moja: "Yule mama iko wapi? Na kama niliandika vibaya?" Nilimwomba jina ili nimtafute. "Ukilijua, batakuuliza," akasema, akageukia ukuta. Nilikasirika, na mbele ya jeneza lake bado nimekasirika. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, na jina akaenda nalo.

Ameacha mjane, Mama Léonie, watoto wanne, Christa, Landry, Aksanti na mdogo wetu aitwaye Mimi, wajukuu sita, dada yake Nsimire, na daftari moja.

Mama wa namba 41, kama uko hapa kati yetu, tafadhali usinyooshe mkono, wala usimtajie mtu jina lako. Kila Jumamosi Mama Léonie hununua samaki wadogo wa sambaza kwenye soko la Kituku, na kikapu chake ni cha bluu. Mwonyeshe kikaratasi tu. Nitakusomea polepole, na pale Papa alipokosea utaniambia, nami nitafuta. Bila wewe kitabu hakitoki.

Siku hiyo ndipo Papa atakapopumzika kwa amani. Kabla ya hapo, sisi tunamjua, hatatulia.