Jini Lililokaa Juu ya Figo

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mume wangu Hamudi uliyewahi kiti cha karibu na pilau: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Mimi ni Bimdogo, mama Pendo, mkulima wa korosho wa Mnyambe. Nimepewa nafasi ya kumuaga Daktari Stamili, anayestaafu leo, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyemsumbua kunishinda.

Mnakumbuka nilivyokuwa? Naokota korosho, ghafla moyo unakimbia, kichwa kinagonga, jasho linanitiririka kama nimemwagiwa ndoo. Na Newala hii, nani ana maji ya kumwagia mtu? Shehe alisoma, mchungaji alikemea, mganga akala jogoo wangu. Mama mkwe akasema, "Hamudi, huyu ana jini, mrudishe kwao." Hamudi akaanza kunifungashia nguo. Usiiname, Hamudi, wanakujua.

Nikaanguka kwenye foleni ya hospitali. Daktari akanipima: presha iko juu mno. Nilipotulia akapima tena: kawaida. Hakutaja jini. Alisema, "Mama Pendo, niletee mkojo wako wote wa mchana na usiku." Wote! Nikapanda basi na dumu mapajani, abiria mmoja akaniuliza, "Mama, togwa hiyo unauzaje?"

Majibu yalipokuja alituita mimi na Hamudi. "Juu ya figo kuna seli ambazo ni kama ndugu wa seli za neva," alisema. "Neva zikizishtua, zinamwaga kwenye damu homoni ya kutufanya tukimbie hatari. Za Mama Pendo zimeota uvimbe. Zinamwaga hata kama hakuna hatari."

"Kwa hiyo si jini?" Hamudi akauliza.

"Baba Pendo, ukimrudisha kwao umemrudisha kufa."

Hamudi akafungua ule mzigo, akaufunga upya na nguo zake humo humo, tukaenda Dar es Salaam pamoja kwa upasuaji. Lakini kwanza Daktari alinitaka ninywe dawa wiki kadhaa, maana kuugusa uvimbe ule kabla presha haijatulia kungeniua mezani. Nilipozinduka baada ya upasuaji, mwanamume huyu alikuwa analia hadi wauguzi wakamtoa nje.

Mama mkwe alinipokea stendi, akanizunguka, akaninusa. "Kweli limetoka," akasema. Nikamjibu lipo kwenye chupa hospitali, na linamjua kwa jina. Tangu hapo tunaelewana sana.

Madaktari vijana mnaobaki, mgonjwa akija na jini lake, msimcheke, wala msimkubalie. Mpimeni.

Daktari Stamili, Pendo anaolewa mwezi ujao, na mimi mama yake nitakuwepo. Nimemaliza, wapendwa. Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza.