Mzee Antipasi Mughwai na Askari Thelathini wa Udongo

“Babu, wewe ni yupi hapo?” Nilimuuliza marehemu hivyo Julai 1968, shuleni kwetu, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na mashine ya sinema ikinguruma. Alichukua fimbo yake akatoka nje.

Mzee Antipasi Mughwai alizaliwa mwaka 1918 hapa Mtinko, mtoto wa tatu wa Mzee Alute na Bibi Marietha, mfinyanzi wa vyungu. Wenzake walimcheka kwa kushinda kwenye udongo wa mama yake. Alisoma shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1934.

Mwaka 1941 aliingia jeshini na rafiki yake Lazaro, wa Mgori, kijana wa masikio makubwa na pengo mbele. Lazaro alikufa Burma mwaka 1944. Hakuacha picha hata moja. Marehemu alijeruhiwa mguu, akapelekwa Nairobi, na walipojua ni mfinyanzi wakamweka kwenye sinema fupi ya kuwasifu askari. Ilichezwa na vinyago vya udongo! Unasogeza mguu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga. Kutwa nzima kinyago kinavuka meza tu.

Askari Wazungu kumi na wawili kila mmoja alipewa sura yake, hata mbwa wao. Marehemu naye akamfinyanga Lazaro, na masikio yake na pengo lake. Mkubwa wa kazi akakiminya kinyago kile mkononi. “Waafrika kalibu moja inatosha. Nani atawatofautisha?” Udongo ukashindiliwa kwenye kalibu hiyo, wakatoka thelathini, sura moja.

Alirudi mwaka 1946. Alipokwenda kuposa kwa Bibi Rahabu alibeba ng’ombe mdogo wa udongo, pembe moja imepinda. Baba mkwe akaruka: “Huyu si wangu huyu? Kijana, umeingia zizini kwangu?” Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1947. Alifanya kazi ya kufyatua matofali, na madarasa tunayosomea ni matofali yake.

Sinema ile ilipoletwa shuleni kwetu Julai ile ya 1968, mama yake Lazaro, Bibi Damari, alitembea kutoka Mgori kuja kumwona mwanawe. Alikaa mbele kabisa. Mwishoni alisema, “Nimeangalia mpaka macho yanauma. Hayumo.”

Tangu siku hiyo marehemu aliandika barua nne kwa wakubwa, sinema itengenezwe upya. Alijibiwa mara moja: barua yako imepokelewa. Basi. Mwaka 1972 akaja ofisa, anataka vinyago vya sinema ya kijiji cha Ujamaa. Babu alifurahi mpaka akachimba udongo siku hiyohiyo. Ofisa akamwambia, “Mzee, wanakijiji wote watoe kwenye kalibu moja tu. Sisi sote ni ndugu.”

“Ndugu yangu ana sura yake,” marehemu akasema, akarudisha udongo shimoni.

Aliitwa mkaidi. Shikamooni wazee, nasema kwa heshima, lakini baadhi yenu mliopo hapa mlimcheka. Mimi mpaka leo sielewi kilichochekesha ni nini.

Kifua kilimwanza Machi mwaka huu. Alitibiwa Singida Mjini, akapata nafuu, kikarudi Agosti tulipokuwa tunahamia kwenye nyumba za kijiji kipya. Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 6 Oktoba 1974, saa tatu asubuhi.

Ameacha mjane, Bibi Rahabu, watoto watano, wajukuu watatu, na dada yake, Bibi Cecilia, bibi yangu mzaa mama. Mungu ampe pumziko lenye amani, maana hapa hakulipata.

Wiki mbili kabla hajatuacha nilikuwa namnywesha uji. Akaushika mkono wangu, akanijibu lile swali langu la darasani.

“Wote, Anastazia. Walitaka sura moja, nikashika kioo nikawapa yangu. Mama Lazaro alikuja kumtafuta mwanawe, akaniona mimi, mara thelathini.”